Mwanao Anapokuwa Kaizari

Yamkini nyumbani kwako yuko kijana wa sekondari ambaye siku hizi harudi alasiri kama alivyozoea. Anaingia jua limekwisha kuchwa, sauti imemkauka, na ukimwuliza alikokuwa anakujibu kwa neno moja tu: mazoezini. Usiku unamsikia akisema peke yake nyuma ya pazia, mara kwa ukali, mara kwa kubembeleza, kana kwamba anagombana na mtu asiyeonekana. Mama anashuku homa. Baba anauliza kama mambo hayo yatatokea katika mtihani. Na shuka jeupe la kitanda cha wageni halionekani kabatini.

Kijana wako ni mzima. Shuleni wanatayarisha mchezo wa Shakespeare, naye amepewa sehemu. Shuka lile sasa ni vazi la mkuu wa Roma. Makala haya ninayaandika kwa ajili yako wewe mzazi ambaye hukuombwa ushauri, uliombwa shuka tu, na pengine hata hilo hukuombwa. Nataka kukushawishi jambo moja: usingojee siku ya maonyesho. Nenda mazoezini.

Najua swali lililo ulimini mwako. William Shakespeare alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1564 na kufariki mwaka 1616. Watoto wetu wana haja gani naye? Je, huku si kuirudia kasumba ileile ambayo wazee wetu walihangaika kuing'oa? Swali hili si la kipuuzi, na limepata kuulizwa na watu wenye elimu kubwa kuliko mwandishi wa gazeti. Nitalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Lakini kwanza twende darasani tukaone wanachokifanya hao vijana baada ya kipindi cha mwisho.

Sehemu isiyo na jina

Tuchukue mchezo wa Julius Caesar, ambao Watanzania wanaufahamu zaidi kwa sababu hayati Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili. Shule huupenda kwa sababu zilizo wazi. Hauhitaji meli ya kuzama jukwaani. Wanawake wenye majina ni wawili tu, Portia na Calpurnia, na wanaume ni wengi. Kwa shule ya wavulana hiyo ni nafuu. Kwa shule ya wasichana si kizuizi hata kidogo, maana katika siku za Shakespeare sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana. Kwa hiyo msichana akijifunga shuka akawa Brutus, anadai tu haki iliyocheleweshwa kwa miaka mia nne.

Siku za kwanza hazina raha. Wanafunzi hukaa duara na kusoma kwa zamu, na kila mmoja anataka kuwa Kaizari mwenyewe kwa sababu jina lake limeandikwa juu ya kitabu. Mwalimu mwenye busara huwaonyesha kuwa Kaizari anauawa katika tendo la tatu kati ya matano, na kwamba maneno yake ni machache kuliko ya Brutus, ya Cassius na ya Antony. Tamaa hupungua hapo hapo. Kisha huja kazi ya kukariri. Katika shule nyingi vitabu havitoshi, hivyo wanafunzi hunakili sehemu zao kwa mkono katika madaftari. Mzazi asisikitike sana. Waigizaji wa Shakespeare nao hawakupewa kitabu kizima: kila mmoja alipewa maneno yake peke yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Mtu wa namna hiyo hana budi kusikiliza wenzake kwa makini, la sivyo atapitwa. Ukitaka kumsaidia mwanao nyumbani, shika daftari, msomee maneno yale ya kutangulia, kisha nyamaza. Hata mdogo wake wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hiyo, tena ataifurahia, maana ataruhusiwa kumkosoa kaka yake.

Lakini sehemu iliyo ngumu kuliko zote haina jina. Ni ile ya raia wa Roma.

Unakumbuka kisa. Kaizari ameuawa na wakuu wenzake, na maiti inaletwa mbele ya watu. Brutus anasimama na kueleza kwa utulivu kwa nini alimwua rafiki yake: alihofu kwamba atakuwa mfalme na kuwafanya raia watumwa. Watu wanamwelewa, wanamshangilia, hata mmoja wao anataka Brutus mwenyewe afanywe Kaizari, jambo linaloonyesha kwamba hawakumwelewa hata kidogo. Kisha Antony anapanda. Hawatukani wauaji, anawasifu, na anarudia kuwasifu mpaka sifa inageuka kuwa tusi. Anawaonyesha nguo yenye matundu ya visu. Anawaonyesha wasia, hausomi, anauficha, kisha anausoma. Katika muda usiozidi nusu saa watu walewale waliomshangilia Brutus wanakimbia na mienge kwenda kuchoma nyumba yake.

Wanafunzi waliopewa sehemu hii huona wameonewa. Hawana maneno marefu ya kukariri, majina yao hayatapigwa chapa katika karatasi ya maonyesho, basi hufanya kama wafanyavyo watoto wote wanapoambiwa wao ni umati: hupiga kelele. Mwalimu anayejua kazi yake huwazuia. Humpa kila mmoja kazi ya kufanya mjini, maana Shakespeare mwenyewe anaufungua mchezo kwa seremala na fundi viatu walioacha kazi siku hiyo ili wakamtazame Kaizari akipita. Wewe ni fundi viatu. Wewe ni mchuuzi wa samaki. Wewe una watoto sita, na mwenye nyumba anakudai kodi ya miezi miwili. Sasa msikilize Antony, kisha uniambie ni neno lipi hasa lililokugeuza. Kila mmoja atakuwa na neno lake. Mmoja amegeuzwa na machozi, mwingine na nguo, na wengi, tusidanganyane, wamegeuzwa na fedha iliyotajwa katika wasia. Hapo zile kelele hubadilika. Hazianzi tena kwa pamoja. Huanza kwa mtu mmoja pembeni, kisha wawili, kisha ukumbi mzima.

Mara baada ya hapo umati unakutana na mtu anayeitwa Cinna. Yumo Cinna mwingine miongoni mwa wauaji. Huyu si yeye. Ni mtunga mashairi anayepita njia. Anasema hivyo, anaapa, lakini hakuna anayemsikiliza, na wanamrarua kwa sababu ya jina lake.

Mzazi uliyeishi mjini, wewe huhitaji mwalimu wa kukufafanulia jambo hili. Umepata kusikia sauti moja ikipaza neno mwizi penye soko au kituo cha basi, na umeona jinsi watu ambao dakika moja kabla walikuwa wakipanga bei ya nyanya wanavyookota mawe bila kuuliza nani ameiba nini. Huenda umesimama ukatazama. Kijana wako atasimama hapo siku moja, na mawe yatakuwa karibu na miguu yake. Mimi nasema heri awe amekwisha kulifanyia mazoezi jambo hilo mara thelathini, akiwa mchana ndani ya umati, na usiku, akikariri peke yake, akijiuliza alilianzaje.

Bendera, tarumbeta na karatasi

Mchezo usiotazamwa na watu haujawa mchezo bado, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Hufanya mazoezi miezi mitatu na kutangaza kwa siku mbili. Ukiyatazama mabango yao utaona jina Shakespeare limeandikwa kwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni, jina la mchezo limeandikwa kwa herufi ndogo, na saa ya kuanza imesahauliwa kabisa.

Shakespeare hakutangaziwa kwa jina lake. Huko London, siku ya mchezo bendera ilipandishwa juu ya jumba ili watu walio ng'ambo ya mto Thames waione. Tarumbeta ilipigwa kuashiria kwamba mchezo unakaribia kuanza. Karatasi zilizopigwa chapa zilibandikwa kwenye nguzo za mitaani. Kiingilio cha kusimama uwanjani kilikuwa peni moja, na waliosimama walikuwa vibarua, wanagenzi wa ufundi na watumishi, watu wa aina yako na yangu. Mgeni mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto huo tarehe 21 Septemba 1599, akatazama mchezo wa Julius Caesar katika jumba la kuezekwa kwa nyasi, akaandika kwamba ulichezwa na watu wapatao kumi na watano, na kwamba mwishowe walicheza ngoma kwa ustadi mkubwa. Watu kumi na watano, katika mchezo wenye wahusika zaidi ya arobaini! Basi mwalimu asiseme kwamba wanafunzi wake ni wachache. Na wale wanaodhani kwamba ngoma mwishoni mwa mchezo wa Shakespeare ni ushenzi wetu sisi, wamwulize Mswisi huyo.

Kwa hiyo wanafunzi watangaze kama watu wenye habari ya kutoa. Waandike kwamba rafiki amemwua rafiki, na watazamaji wataitwa kuamua kama alitenda haki. Waandike siku, saa, mahali na kiingilio. Na waandike lugha itakayotumika, maana hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mfanyakazi atataka kujua kabla ya kutoa fedha yake.

Swali hilo la lugha ndilo linalotupeleka Kenya.

Kutoka Kikuyu hadi Nakuru

Mahali panapoitwa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, pana shule ya wavulana ya Alliance, iliyoanzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926. Tangu mwaka 1940 hadi 1962 mkuu wake alikuwa Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hesabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge kabla ya kuja Afrika. Katika shule hiyo kila mwaka wanafunzi walicheza mchezo wa Shakespeare, kama vile kila mwaka kunavyokuwa na sikukuu ya kutoa zawadi. Mwandishi mashuhuri Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisoma hapo tangu 1955 hadi 1958. Ameeleza katika maandishi yake kwamba katika miaka hiyo minne aliona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream.

Fikiri, msomaji, hiyo ilikuwa miaka gani. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952. Kaka yake Ngũgĩ alikuwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Kijana huyo alipofunga muhula wake wa kwanza mwaka 1955 na kurudi nyumbani, hakukuta nyumba. Kijiji kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishwa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Kisha akarudi shuleni, na baadaye akamtazama jukwaani mfalme mzee Lear akihangaika katika mvua na ngurumo bila paa la kumhifadhi. Sijui mkoloni alitarajia vijana hao wajifunze nini. Kwa maoni yangu, mtoto ambaye nyumba yao imebomolewa hahitaji kufafanuliwa Lear, na pengine katika ukumbi ule wote waliomwelewa mzee huyo vizuri zaidi ni wale ambao hawakukusudiwa.

Hata hivyo mchezo ulikuwa kwa Kiingereza. Mama wa Limuru ambaye mwanawe alikuwa jukwaani asingeweza kuufuata. Mazoezi yalifanywa ndani ya shule, maneno yalikuwa ya mtihani, na kipimo cha kufaulu kilikuwa jinsi kijana wa Kiafrika anavyoweza kutamka kama Mwingereza. Hapo lawama ya kasumba ina haki yake, na Ngũgĩ aliitoa bila kuficha.

Lakini sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho wengi wasichokijua. Vijana wa Alliance walipokwisha kujua jinsi mchezo unavyojengwa, jinsi mtu anavyoingia na kutoka jukwaani, jinsi siri inavyofichwa katika onyesho la kwanza na kufichuliwa katika la mwisho, baadhi yao walikaa chini wakaandika michezo yao wenyewe. Na waliiandika kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike aliandika Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi aliandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. B. M. Kurutu aliandika Atakiwa na Polisi. Wa Kuria ulipigwa chapa mwaka 1957, na mpaka leo hutajwa miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kutoka kama kitabu. Yatazame majina yenyewe. Hakuna mfalme hata mmoja. Kuna mapenzi yenye kikwazo, kuna uchawi, kuna polisi, kuna swali ambalo kila mtu aliyetoka shamba akaja mjini amepata kujiuliza.

Michezo hiyo ilichezwa kwanza shuleni, lakini haikuishia hapo. Yote minne ilifika mjini Nakuru, ikachezwa katika ukumbi wa Menengai. Kutoka Kikuyu hadi Nakuru ni mwendo wa kilomita zipatazo mia moja na arobaini, kushuka na kupita Bonde la Ufa, na Nakuru wakati ule ilikuwa kitovu cha nchi iliyotwaliwa na walowezi. Katika mji huo huo wanafunzi wa Kiafrika walisimama mbele ya watu na kucheza kwa lugha ambayo mpishi, kuli na dereva waliijua.

Hilo ndilo jibu langu kwa baba anayeuliza habari za kasumba. Kasumba haikuwamo katika Lear. Ilikuwamo katika kudhani kwamba Lear ndiye mwisho wa safari. Vijana wale walimfanya Shakespeare kuwa fundi wa kujifunzia kazi, kama kijana anavyokaa kwa fundi seremala miaka miwili. Akitoka hapo hatengenezi tena meza za fundi wake, anatengeneza kitanda alichoagizwa na jirani yake.

Hapa kwetu

Sisi tulipita njia nyingine, labda fupi zaidi: tulimfundisha Shakespeare Kiswahili. Kazi hiyo ni ya zamani kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1867, kule Unguja, mmisionari Edward Steere alitoa kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza, chenye visa vya Shakespeare vilivyosimuliwa kwa maneno ya kawaida kama ngano. Lakini michezo yenyewe, mstari kwa mstari, ilingoja karibu miaka mia. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, ikiitwa Juliasi Kaizari. Mwanao akikasirika kwa sababu mwelekezi amemrudisha mara ya saba kwenye sentensi moja, mwambie kwamba yuko Rais aliyerudi kwenye kitabu chake mwenyewe kilichokwisha kupigwa chapa, akakinyoosha upya.

Mwaka huo huo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Hapa napenda tusimame kidogo. Neno bepari lilitujia kutoka kwa Wahindi, nalo asili yake ni mfanyabiashara tu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuna Mtanzania aliyelisikia hivyo. Tena kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jina la mchezo ni mmoja. Mwalimu amewafanya wengi. Wanafunzi wanaofanya mazoezi ya mchezo huo hawana budi kuamua kama Shylock, mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mtu, ni kichekesho, ni katili, au ni mtu aliyetemewa mate mpaka akachoka. Ule wingi katika jina huwasaidia sana. Huwalazimisha wawatazame pia wale wanaomtemea mate, ambao nao wanaishi kwa biashara na kurithi mali, na mmoja wao anatafuta mke mwenye fedha ili alipe madeni yake.

S. S. Mushi naye alitupatia Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kwa hiyo mwalimu wa leo anayesema kwamba hana budi kucheza Shakespeare kwa Kiingereza kwa sababu hakuna maandishi, aulizwe kama amepita maktaba.

Wala asidhani mtu kwamba mambo ya jukwaa la shule huisha pazia likifungwa. Milton Obote, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1940, alipewa sehemu ya Julius Caesar. Tarehe 25 Januari 1971, akiwa Rais wa Uganda, alipinduliwa na mkuu wa jeshi lake mwenyewe, Idi Amin, akaja kuishi uhamishoni hapa kwetu.

Mlango wa mazoezi

Nimesema uende mazoezini, na hili nimelichukua kwa Ngũgĩ yuleyule. Mwaka 1977 alirudi kijijini kwake Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, akashirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pamoja na wakulima na wafanyakazi wa huko kutayarisha mchezo wa Kigĩkũyũ uitwao Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Shuleni alikuwa amezoeshwa kwamba mazoezi hufanywa kwa siri, makosa hufichwa, na watazamaji huitwa kuja kushangaa kitu kilichokamilika. Kijijini mazoezi yalifanywa hadharani. Watu walisimama wakatazama, wakasema mzee hazungumzi hivyo na mkwewe, mfanyakazi wa kiwandani hashiki chombo hivyo, na waigizaji wakarekebisha. Siku ya kufungua, tarehe 2 Oktoba 1977, mchezo haukuhitaji tangazo kubwa: nusu ya watazamaji walikuwa wamekwisha kuutia mkono. Serikali ya Kenya wakati ule iliuzuia tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini kabla mwaka haujaisha. Mwanzoni mwa mwaka 1982, mchezo mwingine wa kundi hilo ulipokosa ruhusa, maelfu ya watu walimiminika kwenda kutazama mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mpaka nayo yakasimamishwa. Fikiri juu ya mazoezi ambayo serikali inayaogopa!

Sidai kwamba onyesho la shule ya mwanao litatikisa dola. Nadai kwamba mlango wa darasa lile uachwe wazi. Shakespeare kwa Kiswahili ana maneno ambayo kijana wa mjini hayatumii tena, na nyanya yake anayatumia kila siku. Bibi huyo akikaa pale saa moja atawanyoosha kuliko kamusi. Fundi cherehani atawaonyesha jinsi ya kufunga shuka lisidondoke pale Brutus anapoinua kisu, jambo ambalo limepata kuharibu misiba mingi ya kifalme. Na dereva wa basi, ambaye sauti yake inajulikana mtaa mzima, atawafundisha kusema kutoka tumboni badala ya kooni, ili wasikauke sauti kabla ya siku yenyewe.

Mwulize mwanao mazoezi yanaanza saa ngapi. Ukifika, mwombe mwalimu ruhusa, naye hatakunyima. Aghalabu atafurahi mpaka akuletee kiti. Kikatae kile cha mbele. Kaa mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango, pale watakapokaa waliochelewa kutoka kazini. Antony akianza kusema nawe usisikie, usimwonee haya hata kama ni mwanao. Inua mkono, umwambie kwamba huku nyuma hatusikii.